Inchi Tatu za Koti la Kazungu

Nilistaafu Jumamosi iliyopita, na kufikia Jumatatu nilikuwa nimeshakwenda dukani mara mbili kwa visingizio. Mara ya kwanza nilidai nimesahau miwani, nayo nilikuwa nimeivaa. Mara ya pili niliwapelekea funguo ambazo tayari mnazo. Mkanitazama kwa huruma, nikaona aibu, nikarudi nyumbani Jomvu Kuu na daftari hili. Mliniomba niandike habari za kazi ya ushonaji, nyinyi vijana mnaobaki na cherehani zangu. Ukurasa huu wa kwanza nimeuandika mara nne. Kila nikiumaliza nawaza: na kama wataniuliza jambo fulani? Basi niseme mapema kwamba sitaandika nani alinipandisha cheo lini. Nitaandika habari za koti moja, kwa sababu yote ninayoyajua kuhusu kazi hii niliyajua kwa ajili ya koti hilo.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya sitini, katika duka la Fundi Shee, Changamwe, hatua chache kutoka nyumba za wafanyakazi wa bandari na reli. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi wiki ileile, nimevaa tai, nimebeba cheti ndani ya bahasha, na bahasha ndani ya gazeti, na gazeti ndani ya mfuko, nikichelea mvua. Ulikuwa mwezi wa jua kali. Kabla ya kuingia nilipita mbele ya duka mara tatu, nikijiuliza kama nitoe salamu kwanza au nivue viatu kwanza. Mara ya tatu sauti ya mwanamke ikatoka ndani:

"Shee, kuna mtu yuwapita-pita hapo nje. Ama ni mwizi, ama yuwatafuta kazi."

Huyo alikuwa Bi Mwanasha, aliyekuwa akishona matundu ya vifungo nyuma ya pazia la kanga. Wateja wengi hawakuwahi kumwona uso, lakini hakuna aliyeondoka bila kumsikia.

Fundi Shee alikuwa mtu mfupi, mkimya, kofia yake safi kama bakuli jipya. Alikisoma cheti changu, pande zote mbili, hata upande usioandikwa kitu.

"Wajua kukata?"

"Naam, Fundi. Ila kwanza nachora kwenye karatasi, halafu nalinganisha na jedwali la vipimo, halafu..."

"Halafu mteja ameshazeeka," akasema Bi Mwanasha nyuma ya pazia.

Nikawekwa kwenye pasi ya mkaa kwa wiki tatu. Nami niliandika daftarini jinsi ya kuichochea, upande wa kusimama ili majivu yasiruke juu ya kitambaa cheupe, na muda wa kuacha kitambaa kibichi juu ya sufu. Mnacheka, lakini daftari lile ninalo hadi leo, na mambo ya pasi yaliyomo ni sahihi.

Fundi Shee alikuwa na sheria moja kuu, nayo ni akiba. Kila mahali nguo inapoishia, kwenye pindo la suruali, kwenye mshono wa kiuno, kwenye ncha ya mkono wa koti, alikunja kitambaa cha ziada kwa ndani, inchi mbili, hata zaidi. "Mtu hunenepa, mtu hukonda, mtu hubadili nia," alisema. "Kitambaa kilichokatwa hakibadili nia." Chuoni tulifundishwa vingine. Mwalimu wetu alitaka pindo jembamba la nusu inchi, safi, na aliyeacha zaidi alipunguziwa alama. Kwa hiyo kila nilipomwona mzee wa watu akikunja akiba yake, moyoni nilimsikitikia. Nilimwona mtu wa zamani. Mungu anisamehe.

Sasa niwaambie kuhusu Makorongo, maana bila wao hakuna koti.

Makorongo ilikuwa timu ya mpira wa kikapu. Jina walipewa na watu, kwa urefu wa miguu yao. Kampuni moja ya mizigo iliwaajiri kama makarani na wapokezi wa bidhaa, lakini kila mtu alijua kwamba kazi yao hasa ni kucheza. Karani wa Makorongo akionekana ameshika kalamu, watu walisimama kumtazama. Uwanja wao ulikuwa sakafu ya saruji nyuma ya ukumbi wa wafanyakazi, milingoti miwili, vikapu viwili, na vumbi la kutosha. Mchezo wenyewe ulikuwa mgeni, na ninawaambia ukweli, nusu ya watazamaji hawakuujua. Walikuja kutazama nguo!

Ilikuwa hivi. Kila Jumapili alasiri, kabla ya mchezo, Makorongo walitembea kwa miguu kutoka karibu na stesheni hadi uwanjani, wamevaa nguo zao za mjini. Vijana wanane warefu kama nguzo za simu, suti za rangi ya majivu na ya kahawia, tai nyembamba, viatu vinavyong'aa hadi unajiona ndani, na mwendo! Hawakuharakisha. Watu walijipanga pande zote mbili za njia. Walikuja kutoka Likoni kwa feri, walikuja kutoka Kisauni kwa baiskeli wakipita daraja la Nyali. Akina mama walitoka na watoto mgongoni. Na Jumatatu asubuhi, kabla hatujafungua mlango, vijana walikuwa kibarazani: "Fundi, nataka suruali kama ya yule wa tatu kutoka mbele." Nilimjua kijana mmoja wa Bofu aliyeweza kutaja rangi ya soksi za kila mchezaji, na hakujua kwamba kikapu kina tundu chini.

Wa kwanza katika msafara alikuwa Kazungu, nahodha, Mgiriama wa Kaloleni. Alivyovaa Kazungu Jumapili ndivyo bara yote ya Mombasa ilivyotaka kuvaa Jumapili iliyofuata.

Siku Kazungu alipoingia dukani kwetu aliinama mlangoni kama mtu anayeingia msikitini. Mimi niliangusha kipande cha chaki, nikakiokota, nikakiangusha tena.

"Shikamoo, Fundi Shee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Keti, utatuvunjia dari."

Hakuketi. Alisimama akishika ukingo wa meza, na niliona kwamba mtu huyu, ambaye kutwa alishangiliwa, alikuwa anaona haya. Akasema anataka koti. Makoti aliyokuwa nayo yalikuwa ya timu, yameletwa tayari kutoka ng'ambo, na yote yalimpungukia mikononi. Ndiyo maana kila mara alitembea mikono ikiwa mifukoni. Lo! Na vijana wote wa Changamwe walikuwa wakitembea mikono mifukoni wakidhani ndiyo mtindo!

"Nikiwa mdogo," akasema, "mama alikuwa akiunga mikono ya shati langu la shule kwa kitambaa cha gunia la unga. Nikirefuka, anaunga tena. Nilikuwa na shati lenye viungo vitatu kila mkono. Watoto walikuwa wakisoma maandishi ya kinu cha unga mkononi mwangu." Akacheka kidogo. "Mama hajawahi kuniona nikicheza. Atakuja Jumapili ile tutakayorudi kutoka safari ya bara. Nataka anione nimevaa koti linalofika hapa." Akagusa kifundo cha mkono wake kwa kidole. "Mara moja tu, Fundi. Linalofika, bila kiungo."

Nyuma ya pazia palikuwa kimya. Hiyo ilikuwa ajabu ya kwanza.

Ajabu ya pili ni kwamba Fundi Shee alinipa mimi koti hilo. Yeye alikuwa anasafiri kwenda Lamu kumwoza binti yake, na Kazungu naye alikuwa anaondoka na timu kwa wiki mbili. Hapangekuwa na nafasi ya kulijaribu koti mwilini kabla ya siku yenyewe. Kitambaa kilikuwa gabadini, sufu ya suti, ya rangi ya majivu, kipande cha mwisho cha jora, na mwenye duka la vitambaa kule kisiwani alikuwa ameapa kwamba jingine la namna ile haliko karibu.

"Mambo matatu," akaniambia Fundi Shee, mkoba wake mkononi. "Pima. Uamini utepe. Acha akiba. Basi."

La kwanza nililifanya.

Nilimpima Kazungu mkono kutoka bega hadi kifundo. Utepe ukasema inchi thelathini. Nikapima tena. Thelathini. Nikambadilisha mkono. Thelathini. Akauliza, "Kuna tatizo, fundi?" Nikasema hakuna, nikaandika, akaenda zake.

Kesho yake nikafungua jedwali langu la chuoni. Jedwali lilisema mtu wa futi sita na inchi mbili ana mkono wa inchi ishirini na sita, na hapo ndipo lilipoishia, maana aliyelitunga hakuwa amewaza watu kama Kazungu. Kazungu alikuwa na futi sita na inchi tano. Nikapiga hesabu: ishirini na saba. Basi hizo inchi tatu za ziada zimetoka wapi? Nikawaza. Labda alikuwa amelegeza bega. Labda nilianzia karibu na shingo. Labda utepe wenyewe ni wa zamani, umeloa ukarudi. Na kweli, tepe za kitambaa hurudi zikiloa. Nikauweka juu ya yadi ya shaba ya Fundi Shee. Umerudi! Kwa robo inchi.

Mngekuwa nyinyi, mngeondoa robo inchi mkaendelea na kazi. Mimi niliona kwamba shahidi aliyedanganya kidogo aweza kudanganya sana. Kwa siku mbili nilizunguka meza.

"Athumani," akasema Bi Mwanasha, "kitambaa chakutazama, nawe wakitazama, mwataka kuoana?"

Nikakata ishirini na saba. Na kwa kuwa nilitaka Fundi Shee akirudi aone kazi ya mtu aliyesoma, nikapunguza pindo la ndani hadi nusu inchi, safi, jembamba, la kupata alama zote.

Koti lile, nikilisifu mwenyewe, lilikuwa zuri. Kola ililala shingoni kama imezaliwa pale. Bitana haikuwa na kunyanzi hata moja.

Jumapili asubuhi Kazungu akaja moja kwa moja kutoka stesheni, bado na vumbi la safari. Fundi Shee alikuwa amerudi jana yake. Kazungu akavaa. Mabega, sawa. Kifua, sawa. Akashusha mikono, na mikono ya koti ikasimama njiani. Kifundo kizima kilikuwa nje, na juu yake palibaki pa kuvaa saa mbili.



"Kimya cha nini?" akauliza Bi Mwanasha. Akatoka nyuma ya pazia, sindano mdomoni, akatazama. "Ewe Athumani. Umemshonea ndugu yake mdogo."

Fundi Shee akashika ncha ya mkono wa koti, akaigeuza ndani kutafuta akiba. Akaona lile pindo langu la nusu inchi. Akalirudisha polepole.

"Utepe ulisema ngapi?"

"Thelathini, Fundi."

"Ukakata ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Kwa nini?"

"Kitabu kinasema..."

"Kitabu kilikuja hapa kupimwa?"

 Fundi Shee akamgeukia Kazungu, akamwomba radhi kwa maneno ambayo sitayaandika, kwa kuwa si vizuri mzee kuomba radhi kwa kosa la kijana. Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti: "Kesho njoo uchukue mkasi wako."

Kazungu alikuwa akijitazama kwenye kioo. "Mama ameshafika uwanjani," akasema. "Nitalivaa." Akatoka, akainama mlangoni.

Nilimfuata kwa mbali. Nilitaka kuona, na sikutaka kuona. Njia ilijaa watu. Makorongo wakaja, Kazungu mbele, na safari hii mikono haikuwa mifukoni. Sijui ni kwa nini. Nadhani alichoka kuificha. Watu wakaona. Mnong'ono ukapita kama upepo majanini, halafu kijana mmoja juu ya ukuta akapaza sauti:

"Kazungu! Koti lako laogopa maji?"

Kicheko! Nilitamani ardhi inimeze. Kazungu akasimama. Akatazama watu kulia na kushoto, na nadhani aliniona, kwa sababu macho yake yalikaa kwangu kidogo. Kisha akauinua mkono wake juu, taratibu, shati jeupe likang'aa, saa ikang'aa.

"Nyinyi mwaishi wapi?" akasema. "Huko Marekani wachezaji ndivyo wavaavyo sasa. Koti laishia hapa, mkono uwe huru. Hamjapata habari?"

Kijana wa ukutani akasema, "Aaa!" kama mtu aliyekumbushwa jambo alilolijua siku zote. Na "Aaa!" ile ikapokewa njia nzima hadi uwanjani.

Nilifurahi kwa muda wa hatua ishirini. Mlangoni mwa uwanja alisimama mwanamke mwembamba, kanga mbili mpya, mkono mmoja ukiwa umeshika kikapu cha maembe. Kazungu akamwinamia. Mama yake akamtazama usoni, akamtazama viatu, kisha akaweka kikapu chini, akashika ncha za mikono ya koti, zote mbili, akazivuta chini. Akazivuta kama avutavyo mama mtoto anayekwenda shule. Hazikushuka.

"Nilidhani sasa una fundi," akasema.

"Ninaye, mama," akasema Kazungu.

Nimefanya kazi miaka mingi, nimechomwa na pasi, nimedungwa na sindano ya cherehani kwenye kucha. Hakuna kilichoniuma kama maneno yale mawili ya Kazungu.

Jumatatu nilikwenda kuchukua mkasi wangu. Nilichelewa makusudi ili nisikutane na wateja. Nikakuta kibaraza kimejaa! Vijana wa Changamwe, wawili kutoka Likoni, mmoja kutoka Ziwa la Ng'ombe, baiskeli yake bado mkononi. Wote walitaka kitu kimoja: koti la mkono wa Kazungu. Wawili walileta makoti yao mazima, wakitaka mikono ikatwe.

Fundi Shee alisimama mlangoni akiwatazama muda mrefu. Kisha akanitazama mimi.

"Vua kiatu, uingie," akasema. "Umeleta maradhi mjini, utayatibu mwenyewe."

Nikaingia, nikiwa karibu kulia kwa furaha. Nikauchukua mkasi, nikakamata mkono wa koti la kwanza, nikaanza kuukata. Akanishika kifundo.

"Hukati. Wakunja ndani. Inchi tatu."

"Lakini Fundi, wanataka mfupi."

"Wautaka leo."

Basi nikajifunza kazi. Kukunja inchi tatu za sufu ndani ya mkono wa koti pasionekane uvimbe si mchezo, jaribuni. Unashikiza kwa mishono mirefu ya mkono, inayoweza kufumuliwa bila kuacha alama. Unaweka kitambaa kibichi, unakandamiza kwa pasi, unangoja mvuke, unakandamiza tena. Bitana unailegeza ili isivute. Nilifanya hivyo koti baada ya koti, na sikuandika kitu daftarini, maana vidole vilikuwa vimeshajua.

Mtindo ukashika moto! Ulivuka feri, ukaenea Likoni yote. Ukaingia Kisauni. Hapa Jomvu Kuu mwalimu wa chuo cha Kurani aliuliza baada ya sala kama mvua za mwaka ule zilikuwa na dawa, mbona makoti ya vijana yote yamerudi. Mjomba wangu, mtu mzima mwenye wajukuu, akaja dukani kwa siri. Kila mahali niliona vifundo vya mikono. Na kila nilipoona kifundo, nilimwona mwanamke ameshika ncha za mikono ya koti.

Kazungu mwenyewe alikuja dukani baada ya muda, koti jipya la timu begani.

"Athumani, nimejifunga kamba mwenyewe," akasema kwa sauti ya chini. "Hili limeletwa safari hii likiwa na mikono inayonitosha. Nahitaji uipunguze."

"Sipunguzi! Nitawaambia watu ukweli. Nitasimama uwanjani."

"Uwaambie fundi wao hajui kusoma utepe? Utakula nini?"

"Mchanga," akajibu Bi Mwanasha kwa niaba yangu.

Nikaipunguza, kwa kukunja. Alilivaa Jumapili, akashangiliwa, na mimi peke yangu katika umati ule nilijua kwamba mtu yule anayetembea kwa madaha amevaa kosa langu. Nilipanga maneno ya kukiri. Niliyapanga kila wiki. Nilikuwa na kukiri kwa urefu na kukiri kwa ufupi, na kwa kule kuyachagua miaka miwili ikapita.

Kisha uhuru ukakaribia, na kila mtu akataka koti. Mlikuwa hamjazaliwa, sijui niwaeleze vipi. Watu walikuwa wakicheka njiani bila sababu. Cherehani zetu hazikupoa. Mafundi walikuwa wakishona bendera asubuhi na suruali alasiri. Katika vurugu hiyo Kazungu akainama mlangoni, na kwapani ana kifurushi. Akakifungua mezani. Gabadini ya majivu! Ileile! Alikuwa ameitafuta hadi Nairobi katika safari za timu.

"Nchi inapata bendera," akasema, "na mimi nipate mkono wa koti. Mama anakuja tena. Inafika hapa." Akagusa kifundo.

Nikamtazama Fundi Shee. Akasukuma utepe mezani kuelekea kwangu, akaendelea na kazi yake.

Nikapima mara moja. Thelathini. Nikakata thelathini, na inchi mbili za akiba.  Kisha nikaenda kunywa chai.

Jumapili ile, ya mwisho kabla ya uhuru, njia ilijaa kupita siku zote. Bendera ndogo za karatasi, ngoma, akina mama wakipiga vigelegele, na vijana wote, wote kabisa, mikono mifupi! Makorongo wakaja. Kazungu mbele, mikono imeshuka, koti limefika kifundoni, na shati limechungulia kidogo tu kama inavyopaswa. Kelele zikapungua. Kijana wa ukutani, ambaye sasa alikuwa na ndevu lakini ukuta wake ni uleule, akaita:

"Kazungu! Umeificha saa?"

Kazungu akasimama. "Hiki ndicho kimo chake," akasema. "Lile koti la kwanza lilikuwa kosa. Fundi alikosea, nami nikawadanganya. Hakuna Mmarekani avaaye vile nimjuaye mimi."

"Fundi gani?"

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mama mmoja mnene. Miaka miwili nilikuwa na maneno yangu, ya urefu na ya ufupi. Yote yalipotea. Nikainua mkono tu.

"Ni mimi," nikasema.

Wakanitazama. Wakatazama mikono yao. Halafu yule wa ukutani akaanza kucheka, akacheka hadi akashuka ukutani bila kutaka. "Wallahi tumevaa kosa la Athumani miaka miwili! Na tulipendeza!" Njia nzima ikalipuka. Nilipigwa mgongoni na watu nisiowajua. Mmoja alitaka kunipiga kweli, lakini akazuiwa na mkewe.

Jumatatu kibaraza kilijaa kuliko siku zote. Walitaka mikono ishushwe. Wale waliokatiwa kwa mafundi wengine waliondoka wamenuna. Wetu, kila mkono niliofumua ulikuwa na inchi zake tatu, zimelala ndani, zikingoja. Fundi Shee hakusema "nilikwambia." Alikuwa akipita nyuma yangu na kukohoa. Tatizo lilikuwa dogo: kitambaa cha nje kilikuwa kimepauka kwa jua, na kile cha akiba kilikuwa na rangi yake ya asili, kwa hiyo kila mkono ulibaki na mstari mweusi mweusi kwenye ncha. Wiki iliyofuata akaja kijana wa Likoni kuagiza koti jipya. Alitaka lenye mstari.

Lakini hayo ni ya Jumatatu. Mimi hupenda kuirudia Jumapili.

Mchezo ulipokwisha, Kazungu alivaa tena koti lake, akaniita mlangoni mwa uwanja. Mama yake alikuwepo, na kikapu chake. Nikamwamkia.  Aliushika mkono wa koti la mwanawe, nikaona vidole vyake vinapanda, polepole, kutoka kifundoni hadi kwenye kiwiko, vikipapasa. Nikajua anachokitafuta. Alikuwa akitafuta kiungo.

"Hamna," akasema.

"Hamna, mama," nikasema.

Akaigeuza ncha ndani, kama alivyofanya Fundi Shee siku ile. Akaona kitambaa kilichokunjwa, inchi mbili nzima.

"Na hiki?"

"Akiba, mama."

Akamtazama mwanawe, kutoka viatu hadi nywele, safari ndefu. "Fundi, huyu mtu mzima. Wadhani atarefuka tena?"

"Sijui," nikasema. "Kwa huyu, mimi sikisii tena."

Akacheka, meno yote nje, akairudisha ncha mahali pake, akailaza kwa kiganja. Kisha akauachia mkono wa koti. Hakuuvuta.